Hegel wa bluu au Hegel wa kijani? Neno la mnunuzi mmoja wa zamu ya usiku

Nilivinunua vyote viwili kwa euro 11, kwenye meza ya vitabu vya mtumba mbele ya chuo kikuu pale Unter den Linden, Berlin, siku ya mapumziko baada ya zamu nne za usiku mfululizo. Mvua ilikuwa imeanza na mwenye meza alishaanza kufunika mali yake kwa nailoni, kwa hiyo hatukuvutana bei. Juzuu ya 16 na ya 17 za Hegel, mwanafalsafa Mjerumani, toleo la kampuni ya Suhrkamp, zile za jalada la bluu iliyokolea: mihadhara yake juu ya falsafa ya dini. Mimi ni muuguzi wa wazee. Nimezaliwa Machame, nikabatizwa na kupata kipaimara kwa Walutheri, na nilikuwa na swali moja tu la kumpelekea mtu huyu.

Swali lenyewe si langu, ni la baba. Baba ni mwinjilisti mstaafu. Nilipompigia simu jioni ile, baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, nikamwambia nimenunua vitabu vya Mjerumani wa zamani anayefundisha kwamba Mungu anajijua kupitia binadamu wanaomjua. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekatika.

"Huyo Mungu wake, mwanangu, anaombeka?"

"Sijafika huko bado, baba."

"Basi ukifika unipigie."

Imepita miezi saba. Nimesoma kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wazee wakiwa wamelala na kengele zimetulia, chai ya tangawizi pembeni. Haya ndiyo ninayoweza kumwambia mtu anayetaka kutoa pesa yake.

Kwanza mali yenyewe. Ni vitabu vidogo, kimoja kinaingia mfuko wa koti la kazi bila kuchungulia, na ndiyo sababu vimesomwa. Vingekuwa vikubwa vingebaki nyumbani. Cha kwanza kina zaidi ya kurasa 400, cha pili zaidi ya 500. Karatasi ni nyembamba lakini maandishi ya upande wa pili hayaonekani. Herufi ni ndogo, na kwa taa ya korido macho yanalalamika. Tahajia imesawazishwa iwe ya Kijerumani cha siku hizi, jambo ambalo mgeni kama mimi namshukuru mhariri. Gundi ya mgongo ndiyo mbovu: juzuu ya 17 niliyouziwa iliachia karatasi kadhaa wiki ya kwanza tu, nikazifunga kwa plasta ya vidonda, ambayo kazini kwetu haiadimiki. Aliyekuwa nacho kabla yangu alipigia mistari kwa wino wa kijani tangu ukurasa wa kwanza hadi kama wa 60, kisha wino ukakoma ghafla. Nilipofika hapo nilimwelewa.

Maana Kijerumani changu ni cha hospitali. Najua kuuliza maumivu yako wapi na yalianza lini, najua majina ya dawa za presha, najua kumtuliza mzee anayemtafuta mama yake saa tisa usiku. Hegel ananiletea sentensi yenye vitenzi vitatu vimekaa mwishoni kama abiria wa mwisho wa daladala, na katikati kuna "ndani yake na kwa ajili yake" mara mbili. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nasoma kurasa tatu kwa usiku. Anayetaka kitabu cha kusoma kabla ya kulala, hiki kitamlaza, sawa, lakini hatajua amelalia nini.

Sasa kasoro ambayo muuzaji hakwambii, wala huioni kwa kupapasa jalada. Hegel alifika Berlin mwaka 1818, na somo hili la falsafa ya dini alilifundisha mara nne: 1821, 1824, 1827 na 1831. Hakulitoa kitabu. Tarehe 14 Novemba 1831 akafariki, kipindupindu kikiwa kimeingia mjini. Mwenzake wa kitivo cha theolojia, Philipp Marheineke, akakusanya daftari za wanafunzi na karatasi za marehemu, na mwaka uliofuata tu kitabu kikawa tayari, kikarekebishwa 1840. Toleo la bluu linafuata kazi hiyo. Chukua mahubiri ya Pasaka nne ya mchungaji mmoja, yakate kwa mkasi, yashone upya yawe hubiri moja refu: ndicho unachonunua. Sentensi ya mwaka 1821 imeketi ubavuni mwa sentensi ya 1831 kana kwamba zilitoka kwa pumzi moja, na kama zinagombana wewe unabaki kujilaumu kwamba huelewi.

Nilikuja kuligundua hilo mwezi wa nne, kwa msaada wa mzee mmoja wa ghorofani kwetu aliyekuwa mwalimu wa shule. Aliona kitabu mfukoni mwangu wakati nampima presha, akacheka: "Dada, huyo amechanganywa. Tafuta wa kijani." Wa kijani ni toleo la kampuni ya Meiner. Kati ya mwaka 1983 na 1985 mhariri Walter Jaeschke aliichambua mihadhara ile mwaka kwa mwaka, mchele huku, chuya huku, ikawa sehemu tatu. Nikaziagiza kwa mtandao kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba ambaye sitamtaja. Nitarudi kwake.

Lakini tuje kwa Mungu, maana ndiye niliyemfuata.

Vitabu hivi vinadhani unaujua ugomvi uliotangulia, na havikuelezi. Ugomvi ulianza kwa mwanafalsafa Kant kule Königsberg, mwaka 1781, alipozipangua hoja za kale za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Mfano wake maarufu ni wa thaler 100, ndugu yake yule riale aliyetumika Zanzibar na pwani yote. Kant anasema thaler 100 ninazoziwazia hazipungui hata senti kwa thaler 100 zilizopo. Wazo ni lilelile. Tofauti iko mfukoni. Kwa hiyo huwezi kulichukua wazo la Mungu mkamilifu ukalikamua mpaka litoe kuwapo kwake. Mdogo wangu mwenye duka la rejareja kule nyumbani angemwelewa Kant bila chuo. Alishatumiwa ujumbe wa uongo wa kupokea pesa kwenye simu: jina lipo, kiasi kipo, namba ya muamala ipo, herufi kwa herufi kama ule wa kweli. Akatoa mchele. Alipoangalia salio, halikuwa limesogea.

Miaka saba baadaye, 1788, Kant mwenyewe aliongeza: hatumthibitishi, ila maadili yanatudai tumwamini. Mungu anayehitajika. Ni kitu, lakini ukimhitaji mtu haimaanishi yuko njiani anakuja.

Jibu la Hegel liko nyuma ya juzuu ya 17, katika mihadhara ya ziada juu ya hoja hizohizo, na kwangu mimi ziada hiyo inalipa nusu ya bei. Anasema thaler, meza, mimi na wewe ni vitu vyenye mwisho, na kuwa na mwisho maana yake ni hiyohiyo: wazo la kitu na kuwapo kwake vimeachana, kimoja kinaweza kukosekana kingine kikabaki. Kumpima Mungu kwa kipimo hicho ni kumfanya kitu kimojawapo dukani. Mara ya kwanza niliona ni ujanja wa wakili. Mara ya tatu nikakubali kwamba Kant alichukua mfano mdogo mno kwa jambo kubwa mno. Ila niseme ukweli wangu: Hegel ananionyesha kwa nini mfano wa pesa haufai. Salio bado halijasogea.

Katikati ya hao wawili yuko mwanafalsafa Fichte, na huyu nampenda kwa sababu za kiuuguzi. Mwaka 1798, akiwa profesa Jena, alichapisha makala akisema ule utaratibu hai wa kimaadili unaotenda kazi ulimwenguni ndio Mungu, na kwamba hatuhitaji mwingine. Akashitakiwa kuwa mkana Mungu, na mwaka 1799 kazi ikaota mbawa, akahamia Berlin. Mwaka 1813 vita na Napoleon vilipojaza hospitali za Berlin wagonjwa, mkewe Johanna alikwenda kuwahudumia, akapata homa ya tifasi. Yeye akapona. Ikamshika mumewe, akafa Januari 1814. Kaburi lao liko Chausseestraße, makaburi ya Dorotheenstadt, na Hegel aliomba azikwe hapohapo jirani. Nimekwenda mara mbili, ni mwendo mfupi toka kituo cha treni. Unasimama mbele ya wanafalsafa wawili walioondoka nyakati za maradhi ya mlipuko, na wa kwanza aliletewa ugonjwa na mke aliyekuwa anauguza. Sijaona kitabu cha falsafa kinachompa Johanna zaidi ya mstari mmoja.

Hapo kwenye Mungu wa Fichte ndipo lugha yetu iliponisaidia kuliko kamusi. Jaribu kusema kwa Kiswahili: utaratibu ndio Mungu. Sawa, imesemeka. Sasa sali: "Ee Utaratibu, utusikie." Ulimi unakataa wenyewe. Utaratibu unafuatwa, unavunjwa, unarekebishwa, hausikii. Mungu kwetu, ingawa wingi wake ni miungu kama miti, daima ni a-: anaona, anajua, amekaa kimya. Mjerumani hana mtihani huo. Kwake meza ni dume, taa ni jike, mtoto si dume wala jike, basi anaweza kuandika kurasa mia juu ya "Kile Kisicho na Sharti" bila msomaji kuuliza kama ni mtu au kitu. Msomaji wa Kiswahili hana pa kujificha. Kila kitenzi kinakudai ujibu mwanzoni kabisa: a-, u-, ki- au i-?

Hegel analeta Geist. Tunasema Roho. Lakini roho ipi? "Roho inaniuma" ni i-. "Roho Mtakatifu akawashukia" ni a-. Nilikuwa na daftari la kutafsiria vipande vya kumsomea baba, na kwa miezi mitatu kila nilipofika kwenye neno hilo kalamu ilisimama. Kuna mahali katika juzuu ya 17 Hegel anaeleza kwamba Mungu ni kujitambua, na anajitambua ndani ya fahamu iliyo tofauti na yeye, yaani fahamu ya binadamu anayemfahamu. Niliitafsiri kwa i-: Roho inajijua ndani yetu. Nikampigia baba nikamsomea.

"Rudia."

Nikarudia.

"Umesema inajijua. Kinachoweza kujijua hakiwi i-, mwanangu. Sema anajijua."

Alikuwa amejibu kwa sarufi swali ambalo wafuasi wa Hegel waligawanyika kwalo tangu mwalimu alipokufa: wengine wakisema Mungu huyu ana nafsi, wengine wakisema ni jina jingine tu la binadamu. Lakini nikirudi kitabuni, naona Hegel anaweka mguu pande zote mbili. Kuna sentensi fupi katika juzuu ya 16 inayosema bila ulimwengu Mungu si Mungu. Hiyo ningeipeleka kanisani kwetu wazee wa kanisa wangeomba muda wa kushauriana. Na hapohapo karibu anamnukuu Meister Eckhart, mtawa wa zama za kati, kwamba jicho ambalo Mungu ananionea ndilo jicho ninalomwonea yeye. Hilo la jicho baba alilipenda. La ulimwengu sikumsomea.

Usidhani lakini kwamba ni kitabu cha watu wanaotikisa vichwa tu. Mzee huyu ana ulimi. Mwenzake wa chuo kilekile, Schleiermacher, aliyekuwa pia mhubiri mashuhuri wa Berlin, alifundisha kwamba dini ni hisia ya kumtegemea Mungu kabisakabisa. Mwaka 1822, katika dibaji aliyoandikia kitabu cha mwanafunzi wake, Hegel alijibu kwamba kama ni hivyo, basi Mkristo bora kuliko wote ni mbwa, na tena mbwa huonja wokovu kila akitupiwa mfupa. Kwenye mihadhara hii ugomvi huo unaendelea, bila mbwa. Hegel hataki Mungu wa kuhisiwa tu; anataka ajulikane. Kushika, anasema: neno lao la dhana linatokana na kushika kwa mkono, kama sisi tunavyosema mtoto ameshika somo. Dini inashika kwa picha, Baba na Mwana na bustani na nyoka, na falsafa inashika kilekile kwa fikra. Namheshimu kwa kusema "kilekile". Wengi waliosoma hutupa picha wakabaki wanawacheka mama zao.

Neno lake jingine maarufu, aufheben, kamusi hulisumbukia bure. Kazini nalisikia kila siku. Mzee ameangusha leso: liokote. Chakula kimebaki: kitunze. Agizo la daktari limebadilika: limefutwa. Kitenzi ni hichohicho kimoja. Kwa Kiswahili nilikuta jozi imeshakaa tayari kwenye Mathayo 5: sikuja kutangua, bali kutimiliza. Hegel angesema vyote viwili kwa mkupuo, ametangua kwa kutimiliza, na sehemu ya pili ya juzuu ya 16 na sehemu ya kwanza ya 17 ni dini za dunia zikitanguliwa na kutimilizwa moja baada ya nyingine mpaka zifike kwa Walutheri wa Berlin. Bahati gani ya mwalimu, historia yote kuishia mtaani kwake.

Na hapa nina ugomvi naye. Ngazi ya chini kabisa ameiweka dini ya uchawi, na hapo ametuweka sisi Waafrika pamoja na watu wa nchi za barafu. Hakuwahi kutia mguu Afrika. Alitegemea vitabu vya wasafiri na wamisionari, akiwemo Cavazzi, mtawa Mkapuchini wa Italia wa karne ya 17 aliyeandika juu ya Kongo na majirani zake. Kwake Mwafrika hamwabudu aliye juu yake, anaiamuru mvua. Nilisoma sehemu hiyo usiku wa zamu, nikafunga kitabu, nikaenda kugeuza wagonjwa kabla ya saa yao. Bibi mzaa baba alimwita Mungu Ruwa, jina ambalo Wachagga walikuwa nalo kabla ya Wamisionari wa Leipzig kufika Machame mwaka 1893, na ndilo tulilobaki nalo kwenye sala za Kichagga. Kinachonichoma zaidi ni jiografia. Hegel ni mtoto wa Stuttgart, amesomea theolojia Tübingen, chumba kimoja na mshairi Hölderlin na mwanafalsafa Schelling. Kijiji cha jirani na Stuttgart, Gerlingen, ndiko alikozaliwa mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima wetu Kilimanjaro Mei 1848. Derendingen, ambayo leo ni sehemu ya Tübingen, ndiko alikozaliwa mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, aliyekaa Mombasa akajifunza Kiswahili na kutuandikia kamusi. Miaka 17 tu baada ya Hegel kuzikwa, majirani wa kwao walikuwa wanawauliza wazee wetu Mungu wao anaitwaje. Yeye alifunga hesabu mapema, kwa daftari la Mtaliano.

Ndugu zangu Waislamu nao wasitarajie makubwa: dini za China, India, Uajemi, Misri zina sehemu zao, Uislamu hauna, unapita kwa kutajwa tajwa. Kitabu kinachojiita cha dini zote kikaikosa dini ya watu wengi kiasi hicho, mnunuzi ana haki ya kujua kabla hajatoa pesa.

Basi kwa nini sikuvirudisha mezani? Kwa sababu ya Ijumaa Kuu.

Hapa Berlin naimba kwaya, sauti ya pili. Katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 80, kuna wimbo wa maombolezo wa Ijumaa Kuu. Ubeti wa pili unasema kwa uchungu kwamba Mwana wa Mungu amelala mfu. Nimeuimba miaka minne bila kuuliza. Johann Rist alipoutunga mwaka 1641 hakuandika "Mwana wa Mungu". Aliandika "Mungu mwenyewe amelala mfu". Waliokuja baadaye wakaogopa, wakapunguza makali. Hegel anaukumbuka wimbo huo kwa maneno yake ya kwanza, makali yote, na anasimama hapo. Mungu mwenyewe amekufa: anaita hilo wazo la kutisha kuliko yote, kwamba lililo la milele na la kweli halipo, na ukanushi umeingia ndani ya Mungu. Halafu hakimbilii Jumapili haraka kama tunavyofanya sisi. Anasema udhaifu, maumivu, kufa, vyote vya binadamu, vimekuwa ndani ya Mungu mwenyewe, si nje yake wala chini yake. Ufufuo unakuja, lakini unakuja kama kifo cha kifo, na Roho anayefuata anakaa katika ushirika wa watu.

Nilisoma kurasa hizo, zile zilizofungwa kwa plasta, usiku ambao bibi mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa anakata roho. Hakuwa na ndugu. Nilikuwa nimekaa naye, kitabu kimefungwa magotini, mkono wake kwenye mkono wangu kama saa mbili hivi. Sikumsomea kitu. Sitaki kudai kwamba Hegel alifanya kazi yoyote chumbani mle. Kazi ilifanywa na mofini na dada wa zamu. Ila ilipofika saa kumi na moja, nikafungua dirisha kama tunavyofanya hapa mtu akishatutoka, nilijua kwa nini mtu yule hakutaka Mungu anayetazama mambo haya akiwa pembeni.

Asubuhi nikampigia baba. Nikamwambia nimefika. Nikamweleza kwamba kwa Hegel ibada ipo, tena ameiandikia kurasa nyingi: utulivu wa moyo, sadaka, toba, mtu kuuvua ule utengano wake na Mungu. Lakini kuomba mvua, kuomba ada ya shule, kuomba mgonjwa apone, hakuna pa kuviweka. Anaabudika, nikasema. Haombeki.

"Kama mwenyekiti wa kijiji aliyehamia mjini," baba akasema. "Anaheshimika. Ukiwa na shida humpati."

"Ila huyu alikufa na watu wake, baba."

Akafikiri. "Hilo ameliongea vizuri," akasema. Kisha akauliza kama nimekula.

Kuhusu Schelling, kwa wanaouliza: hayumo humu ila kama kivuli. Mwaka 1809 aliandika kwamba ndani ya Mungu kuna msingi wa giza, shauku isiyo na nuru, na kutoka hapo uovu unapata nafasi. Mwaka 1841 akaitwa Berlin afute mafundisho ya Hegel, na darasani wakaketi Kierkegaard, Engels na Bakunin, kila mmoja akatoka na njia yake. Kikitafsiriwa Kiswahili nitanunua. Kwa Kijerumani, macho yangu yapumzike kwanza.

Sasa wale wa kijani. Karatasi bora, mishono imara, tanbihi zinazokwambia maneno haya ni ya mwaka upi. Juzuu ya pili peke yake ilinifungua macho: mwaka 1824 dini ya Wayahudi inatangulia, ya Wagiriki inafuata, mwaka 1827 amezipindua, Wagiriki kwanza. Ngazi ile iliyoonekana imechongwa kwenye jiwe, mwenyewe alikuwa anaihamisha vidato akiwa amesimama juu yake! Kwa hiyo na kile kidato alichotuwekea sisi kingeweza kuhama, angekuwa na miaka mingine na msafiri mwingine wa kumsikiliza. Kwenye toleo la bluu hutaliona hilo kamwe. Mwenye pesa na subira anunue ya kijani. Mwenye euro 11 na mfuko wa koti la kazi, ya bluu inatosha, mradi ajue ameuziwa mchanganyiko. Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye zamu aliazima ya 16, akairudisha baada ya siku mbili: "Pole dada, hii si ya mtu aliyechoka."

Muuzaji wa mtandaoni, yule nisiyemtaja, aliniletea kifurushi chenye vitabu vitatu vya kijani kama nilivyolipia: juzuu ya kwanza, juzuu ya pili, na juzuu ya pili. Ya tatu, ambamo wimbo wa Rist ungekuwa mahali pake na mwaka wake, haikuwemo. Nimeandika barua pepe tatu. Amerudisha theluthi ya pesa na kusema nakala ya ziada nibaki nayo. Aliye Berlin au Potsdam mwenye juzuu ya tatu isiyo na mtu, tubadilishane; yangu haina mstari hata mmoja wa wino wa kijani.